Insafu kwa Panya, Insafu kwa Mgonjwa

Mizani ya Wiki, na Rukia Hamadi

Wazee wetu wa Unguja na Pemba hawakungoja ruhusa ya maabara ndipo watie karafuu katika jino linalouma, wala uzoefu wao haukuwa bure, kwani yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, hutia ganzi mishipa ya fahamu ipelekayo habari ya maumivu, na madaktari wa meno hata leo huichanganya na oksidi ya zinki wakazibia jino kwa muda. Lakini anayedai kwamba mti fulani huondoa maumivu ya mwili mzima hana budi kuleta ushahidi, na ushahidi wa awali, kwa desturi ya elimu ya dawa, hutafutwa kwa panya.

Panya mweupe huwekwa juu ya bamba lililopashwa moto hadi nyuzijoto 55 hivi, na mtazamaji huhesabu sekunde zinazopita kabla hajalamba nyayo au kuruka. Muda uliowekwa ukitimia huondolewa, ajapokuwa hakuruka, ili asiungue. Kundi moja hupewa maji ya chumvi, la pili dawa iliyokwisha kujulikana, kama mofini, na mengine dawa ya mti kwa vipimo mbalimbali. Panya wa mti wakichelewa kuruka kuliko wale wa maji, hudhaniwa kuwa dawa imefanya kazi.

Hapo ndipo ipasapo hadhari. Panya aliyelewa usingizi au kulegea misuli naye huchelewa kuruka, hali maumivu anayasikia vile vile. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu humjaribu pia juu ya ufito unaozunguka, aone kama aweza kujizuia asianguke, tena humficha mwenye kuhesabu asijue yupi kapewa nini, maana matumaini ya mtu huongeza sekunde bila mwenyewe kutambua.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu chenye kanuni tatu: kutumia njia isiyohitaji mnyama kila iwezekanapo, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza mateso yao. Wako wanaodhani kwamba kanuni hizo ni huruma tupu inayoichelewesha elimu. Mimi naziona kuwa ni elimu yenyewe, kwa sababu panya aliyeshikwa vibaya akajaa hofu huweza kupungukiwa na maumivu kwa hofu hiyo, na dawa ikasifiwa kwa kazi isiyoifanya. Mtihani wa ovyo ni dhuluma mara mbili: umemtesa kiumbe pasipo faida, na umempa mgonjwa habari ya uongo.

Wala matokeo mema ya panya si idhini ya kupeleka chupa sokoni. Mafuta hayo hayo ya karafuu, tuliyoyazoea tangu utotoni, yamewahi kudhuru maini ya watoto wadogo walioyameza; basi kipimo cha mwanadamu na madhara yake havijulikani kwa yakini mpaka dawa ijaribiwe kwa watu walioridhia.

Nazisihi kamati za maadili katika vyuo vyetu zisiidhinishe mtihani wowote wa maumivu ambao mwenyewe hawezi kueleza idadi ya wanyama wake, muda wa kuwaondoa katika adha, na hila ya kumficha mhesabuji. Nawe msomaji, ukiambiwa kwamba dawa imethibitishwa na wataalamu, uliza bila haya: imethibitishwa kwa panya au kwa watu, na kwa kipimo gani?