Uvira: Radio kwa kila mafua ni hasara, jicho linalovimba ndilo la kukimbiza

Wakaaji wa Uvira, tuseme wazi. Vumbi likianza, mafua yanapanda toka Kavimvira mpaka Kalundu, na familia inatoa franga mgonjwa akapige radio ya uso, eti sinizite. Kwa sinizite ya kawaida radio hiyo haimsaidii mganga. Hata mafua ya virusi yanajaza matundu ya mifupa ya uso, na picha haitofautishi. Wengi wanapona bila picha yoyote.

Lakini picha ina siku yake. Kati ya pua na jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi. Usaha ukiupenya, jicho linavimba, linasukumwa mbele, linashindwa kuzunguka, na mgonjwa anaweza kubaki kipofu. Ukipanda juu, ni homa ya uti wa mgongo au jipu katika ubongo: kichwa kinauma sana, anatapika, anasinzia, anashikwa na degedege. Watoto na vijana ndio wanaopatwa zaidi. Hapo radio haitoshi. Skana yenye dawa ya mshipani ndiyo inamwonyesha mganga usaha uko wapi na kama ni lazima kupasua. Kwa ubongo, IRM inaona zaidi, ikipatikana.

Skana ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Zaidi ya miaka 50 imepita, na sisi tunaisema kama kitu cha matajiri! Mtoto amevimba jicho, jirani anasema ameumwa na mdudu, farmasia inauza matone, siku tatu zinakwisha. Huo ndio uzembe ninaoupigia kelele.

Viongozi wa eneo la afya, mtoto kama huyo asilale kwenye kituo akingoja homa ishuke. Apate antibiotiki ya sindano palepale, hata kabla ya picha, na barua ya kumpeleka mbele siku ileile. Bukavu ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara tunayoijua; Bujumbura ni karibu, lakini mpaka una saa zake. Nani analipa gari usiku? Swali hilo lijibiwe sasa, kabla mgonjwa hajafika. Mimi napendekeza tuanze na franga zile tunazomwaga kwenye radio za mafua: ziwekwe katika mfuko wa gari, na hesabu yake ibandikwe mlangoni kila mwezi.