Kuona Kabla Mkono Haujatetemeka

Mkono unapoanza kutetemeka, ugonjwa wa Parkinson huwa umeshakaa mwilini miaka mingi. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, huwa zimekufa kwa wingi. Kabla ya hapo mgonjwa pengine aliacha kusikia harufu ya chakula, akawa anafunga choo, au usiku akimpiga mwenzake mateke huku amelala fofofo, na hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo.

Ndiyo sababu toleo hili zima ni la picha za ubongo zinazoweza kuuona ugonjwa mapema. Kipimo kinachojulikana zaidi hutumia ioflupane, dawa yenye iodini ya mionzi inayonata kwenye ncha za seli za dopamini. Kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2000, Marekani mwaka 2011. Mgonjwa hudungwa sindano, husubiri saa tatu hadi sita, kisha kamera humzunguka kichwani. Ubongo wenye afya huonyesha alama mbili za mkato zinazong'aa. Parkinson inapoingia, mkia wa alama hufifia, ikabaki nukta, na mara nyingi hutangulia upande ulio kinyume na mkono unaosumbua.

Picha hiyo ina mipaka. Haiwezi kutenganisha Parkinson na baadhi ya magonjwa yanayofanana nayo. Tena iodini yake hupungua kwa nusu kila saa 13, kwa hiyo haiwekeki stoo kusubiri wagonjwa.

Lakini kwetu tatizo huanza hata kabla ya kufikia kamera. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Matokeo yalitoka mwaka 2008: wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa kumtazama mtu anavyotembea, kumkunja kiwiko kusikia ugumu wake, kumwambia agonganishe vidole. Inauma kwamba hata hayo hawakufanyiwa.

Levodopa, dawa ya ugonjwa huu, hulegeza mwili uliokakamaa. Haizuii seli kufa. Kwa hiyo mahali pa picha za mapema, kwa sasa, ni kwenye utafiti wa dawa itakayozuia. Kumpiga picha asiye na dalili wakati hatuna cha kumpa ni kumtwika hofu bure.

Serikali zetu zikiuliza zianze na nini, jibu letu ni levodopa isiyokatika katika hospitali za wilaya, na matabibu waliofundishwa kukunja kile kiwiko. Kamera zifuate, zikianzia hospitali za rufaa zenye watafiti.