Dada wawili na maisha mapya: mushahara uko wapi?

Kule Marekani kuko vitabu vya mapendo vinavyosomwa sana na wamama wa makanisa: hadithi za Waamish. Hao ni Wakristo wa asili ya Uswisi na Alsace, wanaosafiri na magari ya farasi na kukataa kuunga nyumba zao na waya za umeme. Wengi wanaoziandika si Waamish wenyewe. Beverly Lewis alitoa The Shunning mwaka 1997, njia ikafunguka. Kisha Wanda Brunstetter akaleta buku tatu juu ya dada wa Holmes County, mu Ohio.

Tunazipenda, tuseme kweli. Baba amekufa ao muchumba amedanganya, dada wawili wanaanza maisha mapya, wanafungua duka la mikate, na kumbe mujane mwenye shamba anapita. Sawa. Lakini sisi watu wa mugodi tunauliza: franga za duka zilitoka wapi?

Mashamba kule yamekuwa bei kali, na Waamish wanaongezeka. Kaskazini ya Indiana wanaume wengi waliacha jembe, wakaingia viwanda vya kutengeneza karavani. Bwana anatoka asubuhi na chakula kilichofungwa, anarudi amechoka. Muke anabaki peke yake na watoto. Wazee wao waliogopa sana jambo hilo. Muke wa muchimbaji, yeye hana haja ya kuelezwa. Hadithi hiyo njo tungetaka kusoma.

Tena kuko kuondoka. Yaya amekwisha kubatizwa: akitoka kanisa anatengwa, na mu familia nyingi hawakule naye meza moja. Mudogo wake, kama hajabatizwa, anaweza kurudi siku ya sikukuu na kuketi karibu na mama. Wote wawili waliacha masomo darasa la nane, jambo ambalo korti kuu ya Marekani iliwakubalia Waamish mwaka 1972. Watatafuta kazi na karatasi gani? Wamepanda basi moja, lakini bei hawakulipa sawa. Hapo njo penye maumivu, na waandishi wengi wanapita mbio kwenda arusi.

Mujane na shamba lake angoje kidogo. Yaya apate kazi kwanza, na mushahara wa mwezi wa kwanza tuuone ukihesabiwa pale mezani, mudogo akiangalia.