Kamari Iliyovishwa Joho la Elimu

 

Ndugu msomaji, huku kwetu Buha, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, ng'ombe tunao na mbuzi tunao, lakini farasi hatuna. Mbung'o wa mapori yetu hawakumwachia mnyama huyo nafasi, na vijana wetu walio wengi hawajapata kumgusa farasi hata siku moja. Pamoja na hayo, kaa leo kwenye kijiwe cha bodaboda, utamsikia kijana akieleza kwa ufasaha kwamba farasi fulani wa Uingereza ni hodari wa kuruka viunzi lakini hapendi ardhi yenye tope. Kwamba yule mwingine amepunguziwa mzigo. Kwamba wa tatu amebadilishiwa mpandaji. Mchezo huu ulianza na mpira, na mpira ungali mbele, lakini farasi na mbwa nao wameingia. Simu iko mkononi, orodha ya mbio za siku nzima imo ndani yake, na kila mbio ina mchambuzi wake. Kisha dau linawekwa. Fedha hizo asubuhi zilikuwa debe la maharage.

Ukimwambia kijana huyu kwamba anacheza kamari, anakataa katakata. Anasema: "Shehe, kamari ni kurusha sarafu. Sisi tunachambua. Hii ni elimu." Makala haya yanaijibu hoja hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyowaingiza katika mchezo huu hata vijana wenye kusali safu ya mbele.

DINI HAIKUKATAZA MBIO

Kwanza na ieleweke kwamba Uislamu haukuja kuwafungia watu farasi mabandani. Imepokewa kwa Ibn Umar (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofanyizwa mazoezi kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, mwendo wa kiasi cha maili tano au sita, na wale wasiofanyizwa mazoezi akawashindanisha kutoka Thaniyya hiyo mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa kiasi cha maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tazama hekima iliyomo: walio tayari hawakuchanganywa na wasio tayari, wala mnyama hakutwishwa mwendo asioumudu. Basi kumjua farasi, nguvu zake na udhaifu wake, ni elimu ya kweli na yenye heshima.

Wanazuoni wetu wa fiqhi wakaweka mlango mzima wa mashindano. Wakasema: zawadi ikitolewa na mtawala, au na mtu wa nje, au na mmoja tu wa wanaoshindana, hapana ubaya. Ama wote wawili wakitoa, ikawa kila mmoja ama ale cha mwenzake ama apoteze chake, hiyo ni kamari, isipokuwa aingie baina yao wa tatu asiyetoa kitu, ambaye farasi wake anaweza kuwashinda. Ona jinsi walivyobana! Na hapo wanamzungumzia mwenye farasi, aliyemlisha, aliyemzoeza, na anayempanda mwenyewe mbele za watu. Ikiwa huyo amewekewa mpaka, itakuwaje kwa mtu aliyeketi Kasulu, asiye na farasi, wala hatamu, wala kwato moja, ambaye kazi yake ni kutoa fedha na kungoja kula fedha za waliokosea? Huyo hayumo katika mlango wa mashindano. Yumo katika mlango wa maisiri, na Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, imekwisha kumhukumu.

JE, UCHAMBUZI UNA NINI NDANI YAKE?

Tumpe mchambuzi haki yake. Mbele ya jina la kila farasi huandikwa tarakimu za mbio zake zilizopita: 1 kama alikuwa wa kwanza, 2 kama alikuwa wa pili, pamoja na herufi za kuonyesha kama alianguka, au alimwangusha mpandaji, au alisimamishwa njiani. Mchambuzi huzisoma tarakimu hizo, akatazama hali ya ardhi, urefu wa mbio, sifa ya mkufunzi na mkono wa mpandaji. Ni kazi ya akili, sikatai.

Lakini kuna jambo ambalo mchambuzi halitaji kwa sauti kubwa. Katika mbio nyingi za namna hii, waandalizi wenyewe humtwisha farasi aliye bora uzito zaidi, na dhaifu humpunguzia, makusudi ili wote wakaribiane na mshindi asijulikane mapema. Yaani wenye mbio wameajiri wataalamu ambao kazi yao ni kuifuta tofauti ile ile ambayo kijana wetu anaitafuta katika simu yake. Anakesha akikisoma kitabu ambacho mwandishi wake anakifuta ukurasa baada ya ukurasa.

Chukua mbio zilizo mashuhuri kuliko zote za kuruka viunzi, Grand National, zinazokimbiwa Aintree, karibu na Liverpool. Zilianza mwaka 1839. Farasi huruka mara 30 katika mwendo wa karibu kilomita 7, na mwaka 2024 idadi yao ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34 kwa ajili ya usalama. Nazo ni mbio za kutwishana uzito kama nilivyoeleza. Mwaka 1956 farasi wa mama yake Malkia wa Uingereza, Devon Loch, alikuwa mbele ya wote, viunzi vyote vimekwisha, imebaki ardhi tupu. Hatua chache kabla ya kufika akaanguka kwa tumbo, na hata leo watu hawajaafikiana sababu. Mwaka 1967, kwenye kiunzi cha 23, farasi asiye na mpandaji alikata njia, na karibu wote waliokuwa mbele wakarundikana. Foinavon, aliyekuwa nyuma sana na ambaye bei yake ilikuwa mia kwa moja, akapata upenyo akapita peke yake, akashinda. Mkufunzi wake hakuwapo hata uwanjani. Alikuwa amekwenda kwenye mbio nyingine. Ni mchambuzi gani aliyeliona hilo katika tarakimu zake?

Na sisi hatukuwa na haja ya kwenda Liverpool ili kulijua. Imo katika Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa. Akaja bedui na ngamia wake kijana akamshinda, na jambo hilo likawaumiza sana Waislamu. Mtume akawafundisha kwamba Mwenyezi Mungu amejiwekea haki: hakiinuki kitu katika dunia hii ila atakishusha. Masahaba walitoka pale na somo la tauhidi. Hakuna aliyetoka akihesabu hasara.

HESABU AMBAYO HAISOMWI KIJIWENI

Sasa tufanye hesabu nyepesi, ya darasa la nne. Tuseme kuna mbio za farasi wanne walio sawa, na vijana wanne, kila mmoja kaweka shilingi 1,000 kwa farasi wake. Fedha zote ni 4,000. Kwa haki, mshindi apewe 4,000. Lakini mwenye duka la kubeti ameandika bei ya 3.40; mshindi anapewa 3,400, na 600 zinabaki dukani. Wakirudia hivyo mara kumi, vijana wale watakuwa wametoa mifukoni mwao 40,000 na kurudishiwa 34,000. Zile 6,000 amezichukua mtu ambaye hakuweka dau hata mara moja. Vijana wanadhani wanashindana wao kwa wao, au wanashindana na farasi. Kumbe mshindi alikwisha kupatikana pale bei ilipoandikwa.

Mchambuzi atasema: "Lakini farasi hawako sawa, na mimi namjua aliye bora." Vizuri. Je, mwenye duka hamjui? Anao wachambuzi wa kulipwa mshahara, nao hawalali. Farasi akionekana bora, bei yake hushushwa. Watu wakimkimbilia, hushushwa tena. Ujuzi wako umekwisha kukatwa katika bei kabla hujabonyeza simu. Na mwenye ujuzi wa pekee, wa kumshinda mwenye duka kila siku, angekaa nao kimya. Asingewauzia wenzake majina ya farasi kwa shilingi mia tano.

Kisha kuna hili lililo kichekesho zaidi. Nyingi ya mbio zinazoonyeshwa katika maduka haya hazina farasi kabisa. Ni picha zilizochorwa na kompyuta, zinazoanza upya kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, na mshindi huchaguliwa na mashine kwa namba za bahati nasibu. Hakuna ardhi, hakuna tope, hakuna mpandaji. Hata hivyo utamwona kijana na daftari akiandika kwamba namba nne haijashinda tangu adhuhuri, basi sasa zamu yake imefika! Mashine haina kumbukumbu ya adhuhuri. Hapo uchambuzi umejifunua uso wake: joho limevuliwa, na aliyekuwa ndani yake ni ile ile mishale ya kupigia ramli ya zama za Jahiliya.

"SERIKALI IMERUHUSU"

Wengine hujitetea kwamba jambo hili lina leseni na linalipa kodi. Ni kweli kwamba nchini mwetu ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini ruhusa ya sheria haimwamuru mtu kucheza, na pombe nayo ina leseni. Jirani zetu wamekwisha kushtuka: mwaka 2019 Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kubeti, na mwaka huo huo Kenya ilikataa kuwahuishia leseni makampuni kadhaa makubwa. Hao hawakufanya hivyo kwa fatwa. Waliwatazama vijana wao.

Ama kusema kwamba kamari inajenga nchi, hoja hiyo ni kongwe kuliko serikali zote. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakimchinja ngamia, wakapigia mishale mafungu yake, na mshindi akawapa masikini nyama yake na kujivunia ukarimu. Kamari yao ilikuwa ikilisha masikini! Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba zimo faida kwa watu. Imesema madhara yake ni makubwa zaidi. Ikiwa kamari iliyolisha masikini imeharamishwa, vipi hii inayomla masikini?

Na anayeliwa ni nani? Ni mwanamke wa Kibondo aliyelima kwa jembe la mkono, akampa mwanawe fedha za mbolea. Ni mwanafunzi ambaye michango yake ya shule imegeuka tiketi. Wazee wetu walipotamka neno mkeka walikusudia kitu cha kusalia na cha kumkaribishia mgeni. Leo kijana anasema "mkeka wangu umechanika", na maana yake ni kwamba nyumbani hapana unga.

SWALI LA BATI ZA MSIKITI

Yako maswali yanayoulizwa na wazee wa misikiti yetu ya vijijini: kijana ameshinda fedha nyingi, anataka kununua bati za msikiti, je, zipokewe? Wapo wasemao bati halina dhambi. Jibu langu ni hili. Imam Ghazali ameeleza kwamba mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa kwa masikini au kwa manufaa ya watu wote, ili aliyenayo ajivue nayo. Hivyo kijana akitubu na kutaka kujivua, asizuiwe njia ya kutoka. Lakini kumsimamisha mbele ya waumini, kumtaja kwa kipaza sauti na kumwombea Mungu amzidishie, hapana! Siku hiyo watoto wote wa madrasa watakuwa wamefundishwa somo ambalo mimi na walimu wenzangu hatutaweza kulifuta kwa miaka kumi. Na sisi wazee tutakuwa tumeuza sauti yetu kwa bei ya bati.

Enyi vijana, akili mliyonayo ni neema, na mtaulizwa juu yake. Anayeweza kuzikumbuka mbio kumi za farasi wa ng'ambo, kila mmoja na uzito wake, anaweza kuikumbuka bei ya kahawa, msimu wa maharage, na tabia ya nyuki wa Kibondo. Huo nao ni uchambuzi, na matunda yake hayatoki katika mfuko wa aliyelia. Na ambaye ulimi wake umezoea kuwaita wenzake, "Njoo tubeti", akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) amemwagiza mwenye kumwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Kama kumwita mtu tu kunahitaji sadaka, dau lenyewe litahitaji nini?

Nanyi wazazi, msingoje mpaka shamba liuzwe ndipo mje kwa shehe kutaka dua. Ulizeni leo fedha za maharage ziko wapi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, na awarudishe watoto wetu katika kazi na sala. Wabillahi tawfiq.