Ukiombwa damu ya utafiti, uliza kwanza, kisha toa

Wiki iliyopita ndugu yangu mmoja alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la ukoo: "Mkiombwa damu ya utafiti wa chanjo, msitoe! Wanataka vinasaba vyetu." Kabla ya magharibi ulikuwa umeshafika Maskati, Doha na London. Mimi nilisomeshwa na mapadri, nikasomesha biolojia mpaka nikastaafu, na nasema ushauri huo utatuumiza wenyewe.

Nieleze kama darasani. Ukichanjwa, chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B hutengeneza kingamwili. Kila seli ina maelekezo yake, yameandikwa katika jeni. Zamani ilikuwa kupima tu wingi wa kingamwili. Siku hizi wataalamu wanasoma maelekezo yenyewe, herufi kwa herufi, wakajua seli ipi imeitikia chanjo na imebadilika vipi.

Faida yake nini? Marekani walijaribu hatua ya kwanza tu ya kutafuta chanjo ya Ukimwi, matokeo yakatoka 2022. Kati ya watu 36 waliochanjwa, 35 waliitikia kama ilivyotarajiwa. Mmoja hakuitikia. Walipomsoma jeni zake wakakuta aina inayohitajika hakuzaliwa nayo. Basi, hana kosa lolote maskini; chanjo ilibisha mlango ambao yeye hana.

Na aina hizo za jeni hazikugawanywa sawasawa duniani. Sisi wenye bibi Mngazija na babu Mhadhrami, nani ametusoma? Rwanda na Afrika Kusini wameshajitokeza: matokeo ya 2025 yalionyesha watu 17 kati ya 18 waliitikia. Tusipohesabiwa, chanjo za kesho zitashonwa kwa vipimo vya wengine, nasi tutapewa kanzu isiyotuenea.

Hofu ya ndugu yangu siidharau. Jeni ni siri ya ukoo mzima, si yako peke yako. Kwa hiyo uliza: Damu itahifadhiwa wapi? Nani ataziona taarifa zangu? Jina langu litafichwa? Nikitaka kujitoa kesho, naweza? Wakibabaika, vaa viatu vyako uondoke. Wakijibu sawasawa na kwa maandishi, kunja mkono wa kanzu.

Ndivyo nilivyomjibu kwenye kundi. Mpaka leo kimya, lakini ule ujumbe wake ameshaufuta.