Dalali Si Chanzo cha Njaa

Mwandishi anayetaka madalali wafukuzwe Kariakoo ili chakula kishuke bei anasahau kwamba nchi hii ilishajaribu. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilipewa ukiritimba wa nafaka, na mwaka 1983 walanguzi wakasakwa nchi nzima. Foleni za unga hazikuisha. Mahindi yalipita njia za panya.

Na amuulize mama ntilie wa Mtaa wa Kongo kwa nini unga wa ngano ulipanda mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipandisha bei duniani, nasi ngano yetu nyingi twaiagiza nje. Hapo hakuna dalali wa kulaumiwa.

Nakubali, lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo, ni wizi, tena wizi wa mchana. Sheria ya vipimo inaikataza, basi mizani ifike shambani. Lakini programu ya simu ambayo mwandishi huyo anaipigia debe ichukue nafasi ya dalali haipozi nyanya zinazooza kwenye tenga kati ya Iringa na Ilala. Anayemfukuza dalali atuambie kwanza nani atamkopesha mkulima pesa ya mbegu, na nani atalipia lori usiku huohuo.