Sisi tunaulizwa, wao hawaulizwi

Juzi nilikuwa Mwaloni, Kirumba, nafuatilia habari ya bei ya dagaa. Kwenye kibanda cha wakala alikuwepo mama mmoja anataka kutoa hela. Akampa wakala simu, akamtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima tunasikia. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Ndiyo maana wanaibiwa hawa. Elimu hamna."

Nimekaa na kauli hiyo siku tatu. Leo naipinga.

Hebu tuangalie mama yule anajithibitishaje. Ana laini, ana alama za vidole alizosajili, ana namba ya siri. Sasa geuza swali. Anayempigia na kusema "mimi ni wa huduma kwa wateja" anamthibitishia nini? Hakuna. Ule ujumbe tunaoujua wote, "ile hela tuma kwenye namba hii", unathibitisha nini? Hakuna. Mteja anaulizwa kila siku wewe ni nani, lakini yeye hajapewa namna ya kuuliza.

Tena ubovu huu haukuanza na matapeli. Ulianza kwa mainjinia. Mtandao wa GSM, ule wa 2G, ulianza kibiashara Finland mwaka 1991. Laini ina ufunguo wa siri ndani yake. Simu ikijiunga, mtandao unaitumia namba ya kubahatisha, laini inapiga hesabu kwa ufunguo ule na kurudisha jibu. Ufunguo wenyewe hausafiri kamwe. Safi kabisa! Ila simu haikupewa njia ya kuuliza mtandao swali hilohilo. Ndiyo maana mwenye mtambo bandia anaweza kujifanya mnara, na kiswaswadu cha 2G kikamwamini. 3G ndiyo ilikuja kurekebisha, pande mbili zikathibitishana.

Sisemi matapeli wa "ile hela" wanatumia mitambo hiyo. Hawaihitaji. Nasema fikra ni ileile: mdogo ajieleze, mkubwa aaminiwe.

Mnakumbuka 2019? Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, kisha Rais Magufuli, akiwa Chato, akaongeza siku 20 mpaka 20 Januari 2020. Tukapanga foleni za NIDA mpaka miguu ikavimba. Sawa, laini zikawa na majina. Na ukituma hela, unaonyeshwa jina la mpokeaji kabla hujakubali. Hilo nalipongeza, maana linaonyesha kwamba inawezekana. Lakini akikupigia "huduma kwa wateja", skrini inakuonyesha tarakimu tupu. Na namba ya NIDA yenyewe inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, kila mwenye nakala ya kitambulisho chako anayo.

Sasa ninyi wasomi mnaoandika programu za saccos na shule hapa mjini, msicheke bado. Maktaba za programu, yaani kodi iliyokwisha andikwa ambayo mnaichukua na kuitumia, zimeweka njia nzuri na mbaya rafu moja. Chukua smtplib ya Python, ya kutuma barua pepe. Inajua njia tatu za mteja kujithibitisha kwa seva. CRAM-MD5 ni ya kizamani, lakini angalau haisafirishi nywila. Inajibu swali, kama laini ya GSM. PLAIN na LOGIN zinasafirisha nywila yenyewe, imevalishwa Base64. Base64 si fumbo. Ni kanga tu, yeyote anaifunua.

Kinachoilinda nywila hiyo njiani ni TLS. Na hapa ndipo kichekesho kilipo: kwa miaka mingi, ukiiwasha kwa starttls bila kuongeza maelekezo, maktaba hiyo haikuhakiki cheti cha seva. Yaani programu yako inamtajia nywila yeyote aliyejibu mlangoni. Kwa sauti, foleni nzima inasikia. Tofauti yako na mama wa dagaa ni nini? Yeye hakusoma chuo kikuu.

Mtaniambia elimu ni muhimu. Sikatai. Lakini matangazo ya "usimpe mtu namba yako ya siri" yanamtwisha mama mzigo wote, na aliyechora mfumo analala usingizi. Mimi nadai jambo moja tu. Huduma yoyote inayotaka nijithibitishe, ianze yenyewe kujithibitisha kwangu, kwa namna ninayoweza kuikagua. Kampuni ikipiga simu, inipe njia ya kuhakikisha ni yenyewe kabla sijajibu swali lolote. Na ninyi wa kodi, hakikini cheti cha seva. Ni mstari mmoja tu.

Nilirudi kumuuliza mama yule kwa nini alimtajia wakala namba yake. Akaniambia, "Mwanangu, huyu namjua, na kwao napajua."

Huo ndio uthibitisho pekee wa pande mbili aliowahi kupewa. Na aliutafuta mwenyewe.